Si zote ni uongo

Kuna mwandishi wa makala anasema filamu za nyambizi, zile meli za chini ya maji, ni uongo mtupu, hata sonari zake. Si zote, bwana. Das Boot, filamu ya Kijerumani ya 1981, ilipigwa ndani ya mfano wa nyambizi wenye ukubwa halisi. Mpigapicha Jost Vacano akabuni kamera ndogo ya mkononi yenye jairoskopu, kifaa cha kuituliza isitikisike, akavaa kofia ngumu, akawa anakimbia nayo katikati ya mabomba na vitanda. Waigizaji nao walizuiwa kuota jua mpaka wakapauka! Ila ile sonari, mtambo wa kutuma mlio majini na kusikiliza mwangwi wake, inayolia ovyo kwenye filamu nyingine, hapo nakubaliana naye. Nahodha anayejificha hapigi sonari, maana mlio ungemfichua; anatega sikio tu. Lakini mabaharia wanyamaze kimya saa mbili nzima, nani atalipa kiingilio?