Elfu Themanini za Kuangalia Ukungu

"Hapo mbele yenu ndiyo Morogoro mjini," kijana aliyetuongoza akasema, fimbo kainyoosha. Tukatazama wote kumi na wawili. Weupe mtupu. "Na kule ni Bwawa la Mindu." Weupe vilevile. Dada mmoja akapiga picha hivyo hivyo, akasema si ameshalipia.

Tulitoka Dar alfajiri kwa treni ya umeme. Tangu ianze kubeba abiria mwaka 2024, Moro imekuwa safari ya kwenda na kurudi, unalala kwako. Tangazo la safari lilikuwa na picha moja tu: milima ya Uluguru, anga la bluu, mji mzima chini ya miguu yako. Na sisi tulikwenda mwisho wa Mei, masika haijaaga vizuri! Njiani kuelekea Morningside, kule mlimani juu ya mji, tulipishana na mama mmoja wa Kiluguru, mkungu wa ndizi kichwani, anateremka kwenye utelezi kama yuko sebuleni kwake. Tukamwamkia. "Marahaba wanangu. Mnakwenda kuangalia nini, na mlima umejifunika?"

Jioni kundi la WhatsApp likawaka moto. Wengi walitaka nusu ya ile elfu themanini ya safari irudi. Mimi sikuwaunga mkono, na nikaitwa chawa wa mwandaaji. Sawa. Kosa lake nalijua: aliuza picha, hakusema neno kuhusu msimu. Lakini kudai hela kwa sababu Uluguru ina mawingu ni sawa na kwenda Koko Beach ukalalamika kuna chumvi.

Moro tunaiita mji kasoro bahari. Siku ile bahari ilikuwepo, ilikuja kwa juu. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unagonga milima, unapanda, unapoa, unageuka ukungu na mvua. Ndiyo maana upande wa mashariki, kule Kinole na Matombo, ndiko kunakonyesha zaidi. Pale nilipokaa kula chapati yangu, mti ulikuwa umevaa kuvumwani, zile nyuzi kama ndevu zinazoota kwenye magome, kuanzia shinani hadi kwenye matawi, na kila unyuzi ulikuwa na tone nchani. Mvua hainyeshi, lakini mti unadondosha maji. Chini yake kijito hukioni, unakisikia tu.

Maji ya milima hiyo ndiyo yanayolisha Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo tunayoitegemea Dar kwa sehemu kubwa. Oktoba 2022 mto ulipopungua tuliingia kwenye mgawo, tukazunguka mitaani na madumu. Sikumbuki mtu aliyelalamika wakati ule kwamba mawingu yamezidi.

Nitarudi Agosti kuutafuta huo mji, na safari hii nitabeba koti la mvua badala ya miwani ya jua.

Nilifika Tabata saa tatu usiku, raba zimejaa tope jekundu. Nikazipeleka bombani. Maji yakatoka, mara ya kwanza tangu Alhamisi.