Cheti cha selimundu kabla ya nikahi: hoja ina nguvu, mahali pake ndipo penye shaka

Kila ifikapo tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani, hoja moja huibuka upya redioni na katika mabaraza ya kahawa ya Ngamiani na Makorora hapa Tanga: kwamba wachumba wote walazimishwe kupima selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kwamba asiyeonyesha cheti asifungishwe ndoa, iwe msikitini, kanisani au kwa mkuu wa wilaya. Wanaoitetea wanasema maradhi haya yanazuilika kwa kipimo kimoja cha damu, na kwamba kumwacha mtoto azaliwe nayo ilhali wazazi wangeweza kujua mapema ni uzembe. Wanaoipinga wanasema ndoa ni riziki, na kwamba cheti hicho kitageuka fimbo ya kuwapigia mabinti. Kila upande una ukweli ambao mwenzake hapendi kuusikia.

Msingi wa jambo lenyewe haubishaniwi. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu za damu, hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, na jeni ya sehemu yake iitwayo beta imo katika kromosomu ya 11. Binadamu ana kromosomu 46 zilizopangika katika jozi 23, kila jozi ikiwa na moja ya mama na moja ya baba, kwa hiyo kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni hiyo. Katika selimundu ni herufi moja tu ya vinasaba iliyobadilika. Mwaka 1949 mwanakemia wa Marekani Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa himoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya watu wengine, na miaka michache baadaye mtafiti Vernon Ingram, akiwa Cambridge, Uingereza, akabaini kwamba tofauti yote iko kwenye asidi amino (kijenzi cha protini) moja, ya sita katika mnyororo wa beta. Himoglobini ya aina hiyo ikipungukiwa na oksijeni hushikamana na kufanya nyuzi, chembe hupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kufa kabla ya wakati wake. Mtoto aliyekuwa mzima hadi miezi sita huanza kulia usiku kucha, viganja na nyayo vikiwa vimevimba na kung'aa, macho yakiingia umanjano, na mara nyingi bibi wa nyumba ndiye wa kwanza kutoa hukumu kwamba huyu kapigwa kijicho.

Mwenye nakala moja yenye hitilafu (S) na moja nzima (A), yaani AS, si mgonjwa. Hulima, huvua, huzaa na huzeeka kama wengine, na wengi hawajui kabisa kama wanabeba kitu. Tatizo huanza AS anapozaa na AS: katika kila mimba kuna uwezekano wa asilimia 25 kwa mtoto kuwa SS, yaani mgonjwa, asilimia 50 kuwa AS kama wazazi wake, na asilimia 25 kuwa AA. Neno la kushikilia hapo ni «kila mimba», kwa maana hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Wakiambiwa mmoja kati ya wanne, wazazi wenye mtoto mgonjwa huhesabu kwamba zamu yao imeshapita na kwamba watatu watakaofuata watakuwa salama. Haiko hivyo. Mimba ya pili haijui ya kwanza ilipata nini, na ndiyo sababu utakuta nyumba yenye watoto watatu wa SS mfululizo na nyingine ya wazazi wa aina ileile yenye watoto saba wasio na ugonjwa hata mmoja. Nyumba hiyo ya pili ndiyo hutajwa barazani kuwa ushahidi kwamba madaktari wanatia chumvi.

Hitilafu hii haikuenea pwani kwa bahati mbaya. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Uganda na Kenya, alitoa ushahidi kwamba mwenye AS ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Mahali ambapo malaria iliua watoto kwa karne nyingi, waliobeba nakala moja walipona zaidi na wakairithisha. Mkoa wa Tanga, wenye tambarare za Muheza na Pangani kwenye mbu wengi na milima ya Usambara yenye baridi, ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hilo, na si ajabu kwamba Amani, kwenye milima hiyo, palikuwa na kituo cha utafiti wa malaria kilichojulikana Afrika Mashariki nzima. Makadirio yanayotumiwa mara nyingi ni kwamba takriban asilimia 13 ya Watanzania ni wabebaji, na kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka nchini.

Kutokana na takwimu hiyo ya wabebaji, watetezi wa cheti wana hoja ambayo sijasikia ikijibiwa vizuri. Ikiwa wabebaji ni mmoja kati ya wanane hivi, basi mbebaji hakatazwi kuoa wala kuolewa. Anachotakiwa ni kuepuka huyo mmoja na kuchagua kati ya saba waliobaki. Wabebaji wote wakifanya hivyo, selimundu ingekaribia kutoweka katika kizazi kimoja, ingawa jeni yenyewe ingeendelea kurithishwa kimyakimya. Ni maradhi machache ya kurithi yanayoweza kuzuilika kwa gharama ndogo kiasi hicho. Na anayesema ndoa ni riziki akumbuke kwamba mama anayelala sakafuni wodini usiku wa tatu, akisubiri chupa ya damu ya kumwongezea mwanawe, naye alikuwa na haki ya kuambiwa mapema.

Wengine huongeza suala la ndoa za binamu, ambazo katika miji ya pwani zingali za heshima kwa sababu zinaweka mali na siri ndani ya ukoo. Hapa panahitaji hesabu badala ya kelele. Mbebaji akioa mtu asiye ndugu yake, uwezekano wa mwenzake kuwa mbebaji ni kama mmoja kati ya wanane. Akimwoa mtoto wa ami au wa shangazi, uwezekano huo hupanda hadi karibu mmoja kati ya wanne, kwa kuwa nakala ileile inaweza kuwa imetoka kwa babu mmoja. Hatari imeongezeka maradufu, na hilo si dogo. Lakini pia maana yake ni kwamba binamu watatu kati ya wanne wa mbebaji hawabebi, na kwamba mtu anayejidhani salama kwa sababu tu amechumbia mbali, kutoka Korogwe au Handeni, hajajikinga na chochote. Kinachoamua ni damu za wawili hawa, na ukoo hauwezi kuzisomea.

Watetezi hupenda pia kutaja nchi mbili. Saudi Arabia iliamuru mwaka 2004 kila wachumba wapime selimundu na thalasemia, ugonjwa mwingine wa kurithi wa himoglobini, kabla ya ndoa, bila kuwakataza kuoana hata matokeo yakiwa mabaya. Mwaka huo wa kwanza, kati ya wachumba waliokutwa wote wawili ni wabebaji, walioachana na mpango wa ndoa walikuwa asilimia 9 hivi. Kufikia mwaka 2009 walikuwa karibu asilimia 52. Takwimu hii inasomeka kwa namna mbili, na nadhani zote ni sahihi. Sheria peke yake, mwanzoni, haikuwashawishi wengi. Miaka mitano ya kuzungumza ndiyo iliyobadilisha nyoyo, na huenda mazungumzo hayo yasingekuwepo bila sheria.

Cyprus hutajwa kwa fahari zaidi, maana huko kanisa lenyewe lilidai cheti cha thalasemia kutoka kwa wachumba, na watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo wakapungua hadi kukaribia sifuri. Kinachoachwa nje ya masimulizi ni kwamba wachumba wa Cyprus hawakuachana kwa wingi. Walioana, kisha wakapima mimba, na mimba zilizokutwa na ugonjwa nyingi zikatolewa. Hapa kwetu sheria hairuhusu mimba kutolewa kwa sababu hiyo, na sidhani kama kuna kiongozi wa dini Tanga atakayelipigia debe jambo hilo. Anayeleta mfano wa Cyprus bila kuieleza sehemu hiyo anatuonyesha mavuno na kuficha jembe.

Sasa upande wa pili. Fikiria mambo yanavyokwenda hapa. Mshenga ameshapeleka barua ya posa ikiwa imefungwa kwenye leso pamoja na kishika uchumba, wajomba wameshakaa kikao na kutaja mahari, mkaja wa mama umeshatolewa, kadi za mchango zimeshasambazwa hadi kwa ndugu wa Dar es Salaam, na ukumbi umelipiwa nusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, na hapo ndipo wengi wanapopendekeza kipimo kiwekwe. Lakini kwa wengi siku hizo 21 huangukia baada ya yote hayo. Vijana wawili wakiambiwa wiki mbili kabla ya harusi kwamba wote ni AS, wamebakiwa na njia mbili mbaya: waendelee kwa kuwa aibu ya kuvunja ni kubwa kuliko hatari wasiyoiona, au wavunje na mji mzima uulize sababu.

Na mji ukiuliza, sababu haiangukii wote wawili sawasawa. Kijana wa kiume atasemwa wiki moja na kuchumbia kwingine. Binti ataitwa mwenye damu mbovu, na kwa kuwa jeni ni ya ukoo, wadogo zake watatiliwa shaka hata kabla hawajapimwa. Marekani ilipitia kisa cha namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale majimbo kadhaa yalipotunga sheria za kuwalazimisha watu weusi kupima selimundu. Kubeba kukachanganywa na kuumwa, watu wakanyimwa kazi na bima, hadi sheria ya nchi nzima ya mwaka 1972 ikasisitiza kwamba kupima kuwe kwa hiari. Nasi pia tuna uzoefu wetu: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikataa kumlazimisha mtu kupima, baada ya miaka ya unyanyapaa uliowafukuza watu kwenye vipimo badala ya kuwaleta.

Kuna pia suala la ubora wa kipimo, ambalo wanasiasa hawalipendi kwa kuwa halina makofi. Kipimo rahisi cha kuyeyusha himoglobini huonyesha kwamba S ipo, lakini hakitenganishi AS na SS, na aliyeongezewa damu karibuni anaweza kupata jibu la mtu aliyemchangia. Kupata jibu la uhakika kunahitaji elektroforesisi, yaani kutenganisha aina za himoglobini kwa umeme, au mashine za aina hiyo. Mtu wa mjini ana hospitali ya Bombo karibu; wa vijiji vya ndani vya Kilindi ana safari ya siku nzima. Cheti kinachoweza kuvunja ndoa hakifai kutoka kwenye kipimo cha kubahatisha. Tena kipimo hufichua visivyoulizwa: mtoto ni SS, mama ni AS, baba akipimwa anakuwa AA, na ghafla mazungumzo si ya ugonjwa tena. Wakati mwingine maelezo ni kosa la maabara au aina ya thalasemia isiyoonekana kwa kipimo cha kawaida, lakini ni nani atakayesubiri maelezo hayo sebuleni?

Kwa upande wa dini sioni kizuizi kikubwa kama inavyodaiwa. Nguzo za nikahi katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa pwani ni mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko. Cheti hakiwezi kuwa nguzo ya sita, lakini kinaweza kuwa taratibu tu, kama ulivyo usajili wa ndoa. Anayetumia dini kuzuia kipimo anaibebesha mzigo usio wake.

Kwangu mimi, hoja ya kupima imeshinda na hoja ya kulazimisha mlangoni mwa nikahi imeshindwa. Watoto wengi wa SS watakaozaliwa mwakani wazazi wao wameshaoana au hawana mpango wa kuoana, na cheti hicho hakiwagusi. Kinachowagusa ni mtoto kupimwa anapozaliwa, ili aanze mapema penisilini, chanjo, asidi ya foliki na, inapofaa, haidroksiyurea, ambayo hupunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Bila huduma hizo wengi hufa kabla ya miaka mitano. Kipimo hicho pia huwafumbua macho wazazi kabla ya mimba ijayo. Tiba za kuondoa ugonjwa kabisa bado ziko mbali na wengi: upandikizaji wa uloto, unaotengeneza damu ndani ya mifupa, kwa watoto wenye selimundu ulianza mwaka 2023 katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, lakini unahitaji ndugu wa damu anayelingana, na kila ndugu wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa asilimia 25 tu wa kulingana. Tiba ya kuhariri jeni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023 iliuzwa Marekani kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Kwa vijana, mahali pa kipimo ni sekondari, wakati mwanafunzi anapofundishwa urithi katika baiolojia na kabla hajampenda mtu. Hapo AS inakuwa habari kama kundi la damu, anaijua mapema na kuamua mwenyewe amwambie nani. Swali gumu linalobaki ni jibu hilo akabidhiwe nani: mwanafunzi wa miaka 16, mzazi wake, au wote wawili pamoja, kwa kuwa jibu la mtoto ni jibu la mzazi pia, na ofisi ya mwalimu haijawahi kuwa mahali pa kutunzia siri.