Kipa Bila Kombe: Lundqvist Anadaiwa Nini?

Hoja dhidi ya Henrik Lundqvist, kipa Msweden wa hoki ya barafuni, inaenea kwenye sentensi moja, na ndiyo maana haifi: misimu 15 langoni mwa New York Rangers, Kombe la Stanley (la ubingwa wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada) sifuri. Alipoingizwa kwenye Ukumbi wa Magwiji wa hoki ya barafuni mwaka 2023, tena mwaka wa kwanza tu tangu astahili kufikiriwa, sentensi hiyo ikarudi kwa nguvu. Gwiji hupimwa kwa kombe, wapinzani wake wakasema. New York ilimwita Mfalme kabla hajatawala chochote. Martin Brodeur, kipa aliyekuwa ng'ambo ya mto pale New Jersey, ana makombe matatu. Mjadala wa nini tena?

Upande wa mashtaka tuusikilize kwanza, maana una vielelezo.

Faili lao nono ni fainali ya 2014 dhidi ya Los Angeles Kings, ambayo Rangers walipoteza kwa mechi nne kwa moja. Mechi ya kwanza waliongoza 2-0, wakafungwa 3-2 muda wa nyongeza. Mechi ya pili waliongoza kwa tofauti ya mabao mawili mara tatu, mara tatu nzima, wakalala 5-4 kwenye nyongeza ya pili. Mechi ya tatu, nyumbani, Kings walipiga mashuti 15 tu usiku kucha na matatu yakaingia. Upande wa pili kipa Jonathan Quick akaokoa yote 32. Mechi ya tano Rangers waliingia kipindi cha tatu wakiwa mbele 2-1, wakapoteza 3-2, tena kwenye nyongeza ya pili. Kipa mkubwa, wanasema, angelinda walau uongozi mmoja kati ya hiyo yote. Hilo si neno la kulipuuza.

Kisha fedha, hoja ambayo mimi naiona nzito kuliko ya fainali. Desemba 2013 Lundqvist alisaini mkataba wa miaka saba wa dola milioni 59.5, yaani milioni 8.5 kwa mwaka. NHL ni ligi yenye ukomo wa mishahara, na msimu mkataba ule ulipoanza ukomo ulikuwa milioni 69 kwa timu nzima. Mtu mmoja alikula zaidi ya asilimia 12. Katika mfumo wa namna hiyo, dola anayopewa kipa ni dola ambayo mfungaji hakuipata, na Rangers wa miaka ile walikuwa na njaa ya wafungaji. Tena malipo yaliendelea baada ya makali kupungua: misimu miwili ya mwisho kiwango chake cha kuokoa kilishuka hadi asilimia 90.7, kisha 90.5, na Septemba 2020 klabu ikaamua kumlipa ili ivunje mkataba ukiwa umebaki mwaka mmoja. Anayesema mshahara wake ulichangia ukame wa mabao wa timu hasemi upuuzi.

Basi. Sasa tuje kwenye kile ambacho mashtaka hayakigusi.

Hoki ina desturi ya kitabuni ambayo imetuharibia macho: matokeo ya mechi huandikwa kwa jina la kipa. Beki hana rekodi ya ushindi na vipigo, mshambuliaji hana, kocha anayo. Na kipa anayo, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa bao la wazi upande wa pili wa uwanja, mita zaidi ya hamsini kutoka alipokuwa amesimama. (Ligi hiyohiyo hairuhusu kipa kuwa nahodha rasmi uwanjani. Lawama anabeba, kitambaa habebi.) Kutoka kwenye kitabu hicho ndipo inapotoka namba wanayoipenda wapinzani wake: katika hatua ya mtoano Lundqvist ameshinda mechi 61 na kupoteza 67.

Ukiisoma hivyo, unaona mtu aliyekuwa akinywea mechi zikiwa kubwa. Lakini pembeni ya namba hiyo, kwenye mstari uleule, kuna nyingine ambayo hainukuliwi: zaidi ya asilimia 92 ya mashuti yaliyolenga lango lake kwenye mtoano aliyaokoa. Kwenye msimu wa kawaida, katika mechi 887, kiwango chake ni asilimia 91.8. Maana yake mashindano yalipokuwa magumu zaidi, wapinzani wakiwa ni timu bora tupu, yeye alipanda. Na bado rekodi ni 61 kwa 67.

Namba hii hainitoki kichwani, na naomba tukae nayo kidogo. Brodeur, yule wa makombe matatu, alimaliza mtoano na ushindi 113 na vipigo 91. Kiwango chake cha kuokoa huko? Asilimia 91.9. Chini ya Lundqvist. Lakini Brodeur aliruhusu wastani wa mabao 2.02 kwa dakika sitini, Lundqvist 2.30. Inawezekanaje anayeokoa asilimia ndogo afungwe mabao machache? Gawanya utaona. Brodeur alikuwa akipigiwa mashuti kama 25 kwa mechi, Lundqvist yanakaribia 30. Hayo manne na ushee yanayozidi kila usiku hayakuletwa na kipa. Yaliletwa na mabeki waliopokonywa kisahani (ndio mpira wa hoki) kwenye mstari wao wa buluu, mpaka wa eneo lao la ulinzi, na washambuliaji waliochelewa kurudi. New Jersey walijenga timu ya kumpunguzia kipa kazi. New York walijenga timu iliyotegemea kwamba kipa ataimaliza kazi.

Enzi zao hazilingani moja kwa moja, nakubali; Brodeur alianza zamani zaidi na mchezo ulikuwa umebadilika. Wala sidai Lundqvist alimpita. Ninachosema ni kwamba anayetumia makombe matatu ya New Jersey kumkata Lundqvist anapima mabeki wa timu mbili huku akidhani anapima makipa wawili.

Tazama zile mechi za saba, zile za kufa na kupona (kwenye mtoano timu mbili hukutana hadi moja ishinde mechi nne, na ya saba ndiyo ya mwisho). Lundqvist alicheza nane, akashinda sita, na hizo sita zilikuwa mfululizo kati ya 2012 na 2015. Alizopoteza ni mbili: Washington mwaka 2009, bao 2-1, na Tampa Bay mwaka 2015, bao 2-0. Jumlisha mabao ya Rangers katika mechi hizo mbili: moja. Huo mwaka 2015 Rangers walikuwa wamemaliza vinara wa ligi nzima, wakafika nusu fainali, na katika mechi ya tano na ya saba, zote nyumbani Madison Square Garden, hawakufunga hata bao moja. Kipa aliyeruhusu mabao mawili na kufungwa 2-0 alitakiwa afanye nini zaidi? Angeruhusu moja, angefungwa 1-0.

Nirudi kwenye fainali ya 2014, kwa kuwa wanaoinukuu huishia pale panapowafaa. Mechi ya nne Kings walipiga mashuti 41, Lundqvist akaokoa 40, Rangers wakashinda 2-1. Mechi ya tano, ile ya kumalizia, yakaja 51. Aliokoa 48. Bao la tatu lilifungwa na Alec Martinez kwenye nyongeza ya pili, wachezaji wa nyumbani na wageni wakiwa wamechoka hadi miguu haiinuki. Mechi mbili hizo ni mashuti 92 na kuokoa 88. Aliyesawazisha kipindi cha tatu cha mechi ya tano na kuipeleka kwenye nyongeza alikuwa Marian Gaborik, mfungaji ambaye Rangers wenyewe walimwachia aondoke mwaka mmoja kabla. Na katika mechi ya pili, bao la tatu la Kings liliingia Dwight King akiwa amemlalia kipa, mwamuzi akalikubali. Utaratibu wa kocha kupinga bao la aina ile ulianza msimu wa 2015-16. Sisemi lile lingebadilisha bingwa. Nasema unapohesabu "uongozi aliopoteza", walau hesabu nani alikuwa juu ya nani.

Ili kuelewa kazi yenyewe, mtazame anavyosimama. Lango la hoki lina upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22, na kipa mwenye mapedi yake hulijaza nusu kabla hajasogea. Makipa wengi husogea mbele kumkabili mpigaji ili kubana pembe. Lundqvist, chini ya kocha wa makipa Benoit Allaire, alifundishwa kurudi nyuma, karibu kabisa na mstari, akiegemea wepesi wa macho na miguu. Faida yake ni kupata nukta ya sekunde zaidi ya kuona kisahani kinapoguswa njiani na gongo la mtu na kubadili uelekeo. Hasara yake ni kwamba nafasi zilizo wazi pembeni na juu ya mabega ni kubwa zaidi, na mpigaji akiachiwa muda wa kulenga, anafunga. Mtindo huo unamfaa kipa ambaye mabeki wake wanazuia mashuti kwa miili yao na kuacha yale ya mbali. Mabeki wakishindwa kumwondoa mtu aliyesimama mbele ya lango, kipa wa mstarini anabaki uchi. Hapo ukosoaji una mashiko: aina yake ya ukipa ilihitaji wenzake zaidi kuliko aina nyingine.

Na pale alipowapata wenzake? Alitwaa ubingwa wa Sweden na Frölunda mara mbili, 2003 na 2005. Kwenye Olimpiki ya Turin mwaka 2006 mbele yake walikuwepo magwiji wa Sweden Nicklas Lidström, Mats Sundin na Peter Forsberg. Sweden wakaifunga Finland 3-2 fainali, na sekunde za mwisho Lundqvist akajitupa kuzuia shuti la Olli Jokinen ambalo lingesawazisha. Mwaka 2017 Rangers walipotolewa alipanda ndege kuifuata timu ya taifa iliyokuwa chini ya unahodha wa pacha wake Joel, na Sweden wakatwaa ubingwa wa dunia kwa penalti dhidi ya Kanada. Mpinzani atasema hizo ni timu zilizokuwa nzuri. Ndiyo. Hilo ndilo ninalojaribu kusema tangu mwanzo.

Lakini upande unaomtetea nao una ugonjwa wake. Mashabiki wa New York hupenda kuanza na ushindi 459, na kwamba yeye ndiye kipa wa kwanza wa NHL kufikisha ushindi 30 katika kila msimu kati ya saba yake ya kwanza. Ni kazi kubwa hasa kwa kijana aliyechukuliwa nafasi ya 205 kwenye drafti (zoezi la vilabu kuchagua vijana) ya mwaka 2000. Ila namba hizo zimetoka kitabu kilekile. Huwezi kukataa vipigo 67 kwa kuwa ni vya timu, kisha ukajaza kapu na ushindi 459 kama wa mtu mmoja. Ukitupa kimoja, tupa na kingine. Kinachobaki ni mashuti aliyopigiwa na aliyookoa, pamoja na tuzo ya Vezina, ya kipa bora wa msimu, ya mwaka 2012, ambayo hupigiwa kura na mameneja wakuu wa vilabu. Kwangu inatosha kumweka Ukumbini, na si kumweka juu ya kipa gwiji Dominik Hašek.

Hata wateuzi wa Ukumbi wenyewe hawaiamini sheria ya kombe. Kipa Chris Osgood ana ushindi 401 na jina lake limechongwa kwenye Kombe la Stanley mara tatu, yuko nje. Kipa Roberto Luongo hakutwaa hata moja akiwa mchezaji, alipoteza mechi ya saba ya fainali ya 2011, na aliingia mwaka 2022. Tuzo ya Conn Smythe, ya mchezaji bora wa mtoano, imetolewa tangu 1965 na imewahi kwenda kwa mchezaji wa timu iliyopoteza fainali mara sita tu. Wanne kati ya hao sita ni makipa: Roger Crozier, Glenn Hall, Ron Hextall na Jean-Sébastien Giguère. Wanaopiga kura, waliokuwa wametazama mechi zote, waliona kipa anaweza kuwa mtu bora uwanjani na bado akaondoka bila kombe.

Kuna makipa ambao shutuma ya kunywea inawahusu kweli, na inafaa ielekezwe huko. Connor Hellebuyck wa Winnipeg alitwaa Vezina na tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2025. Kisha kwenye raundi ya kwanza dhidi ya St. Louis akatolewa langoni kabla ya mwisho katika mechi zote tatu za ugenini. Huyo ndiye kipa ambaye namba zake zilishuka mtoano ulipofika. Ila Winnipeg waliivuka raundi hiyo. Mechi ya saba ilikwenda nyongeza mbili, kipa wao akaruhusu mabao matatu, na wenzake wakafunga manne.