Mkopo wa Benki ya Dunia na wasichana waliofukuzwa shule

Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais John Magufuli alitangaza kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi aliyepata mimba atakayerudi shuleni. Novemba 2018, kutokana na katazo hilo, Benki ya Dunia ikasitisha mkopo wa dola milioni 300 uliokusudiwa kwa sekondari.

Wapo waliosema huo ni ubeberu mtupu, na hoja yao si ya kubeza. Tangu 1946 kiti cha urais wa Benki hukaliwa na Mmarekani, kwa mazoea tu. Kura zake hufuata hisa, na Marekani ndiyo yenye hisa nyingi kuliko wote. Mzazi wa Sumbawanga atamwajibisha nani huko Washington? Tena adhabu iliwaangukia wasiohusika. Ada ilikuwa imefutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, madarasa yamefurika, na fedha zilizozuiwa zilikuwa za shule hizohizo.

Ila kelele kuhusu mabeberu zilifunika jambo. Waliodai wasichana warudi hawakuwa Wazungu peke yao. Zanzibar ilikuwa tayari inawaruhusu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilipeleka shauri kwenye kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za mtoto. Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alipoiandikia Benki Januari 2020 akiomba mkopo usitolewe, wabunge wa chama tawala walimwita msaliti. Ukimfungia mtu mlango wa ndani, usishangae akigonga wa jirani. Na serikali iliyopigia debe uhuru wa kujiamulia bado iliutaka mkopo uleule (hili halikusemwa sana).

Benki nayo inaniudhi hapa: tarehe 31 Machi 2020 iliidhinisha dola milioni 500, nyingi kuliko za mwanzo, huku katazo likiwa palepale. Wasichana wakaahidiwa kusoma kwa njia mbadala, nje ya shule za kawaida. Msimamo wa haki za binadamu ulidumu miezi 16 tu.

Kilichobadilisha mambo ni Ikulu. Magufuli alifariki Machi 2021, na Novemba mwaka huo, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri Joyce Ndalichako akatangaza ruhusa ya kurudi. Ruhusa ilikuja kwa waraka wa wizara, na kuufuta hakuhitaji kura ya Bunge la Dodoma wala ya bodi ya Washington.