Nilikwenda Kuvua, Nikavua

Lugha yetu imebana mambo mawili ndani ya neno moja. Kuvua ni kumtoa samaki majini, na kuvua ni kuitoa nguo mwilini. Utotoni kwetu Wete, Pemba, sikuona ajabu, maana yote mawili tuliyafanya kwa mpigo: unavua shati, unaruka majini, unavua changu, unarudi kwenu kula. Imebidi nifike miaka 46, niwe dereva wa basi Wrexham huko Wales, ndipo siku moja niyapate mawili hayo yametengana. Na siku hiyo niliambulia moja tu, lile la nguo.

Mwenye kunitia mtegoni ni jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiwelshi, miaka sabini na ushee. Nitamwita Mwalimu tu, kwa sababu hata barua yake ya kuniomba sukari ingekuja imesahihishwa. Alipojua mimi ni mtoto wa pwani alinikamata mkono kama aliyepotelewa na ndugu. "Basi wewe unajua samaki!" Nikamwambia, kwa unyenyekevu wa Kipemba, kwamba samaki ndio wananijua mimi.

Kumbe uvuvi wa watu hawa una mambo. Kwanza ufito wa kuvulia unakatiwa leseni. Pili, chambo hakuna. Unafunga mdudu wa bandia, ndoana iliyovishwa uzi na manyoya, samaki adhani ni mdudu wa kweli. Tatu, ukishampata samaki unampima, unamsifu, unamrudisha majini. Siku nilipomweleza mama mkwe hili la tatu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama mzee yule ana watoto wa kumwangalia.

Mama mkwe alikuwa amekuja kwetu kumlea binti yake aliyejifungua. Arobaini ilikwisha, lakini viza ilikuwa ingali na uhai, naye akasema hawezi kumwacha mjukuu kwenye baridi ile na watu wasiojua hata kumkanda.

Samaki mwenyewe anaitwa greilingi. Ni jamaa wa trauti, samaki mwingine wa mito ya huko, rangi ya fedha, na mgongoni ana pezi kubwa kama tanga la jahazi. Ukimnasa analitweka pezi hilo, anauegemea mkondo, nawe unahisi umeshika ng'ombe. Wenyewe wanamwita Bibi wa Mto. Jina lake la kitaalamu, Thymallus, limetokana na zaatari, maana wanaompenda wanasema akitoka majini ananukia zaatari. Mwalimu alinipa ninuse. Nikanusa kwa adabu. Alinuka samaki. Mama mkwe aliposikia kuna samaki anayetoka majini keshatiwa viungo, akataka kujua kama na ndimu anakuja nayo.

Uzuri wake ni kwamba baridi haimkati hamu ya kula. Wakati trauti amezuiwa na sheria na mwili umemnyong'onyea, greilingi wa Februari anakula. Ila ni mpaka tarehe 14 Machi tu. Kesho yake mito inafungwa, naye anaachwa atage kwa amani. Kwa hiyo mwisho wa majira ya baridi Mwalimu huwa kama mtu mwenye deni: kila Jumamosi yuko mtoni, mto Dee, ule unaotoka ziwa la Llyn Tegid kule Bala, ukapita Corwen na Llangollen, ukaenda zake baharini kwa njia ya Chester.

Sasa kuna uzi, na hapa ndipo shina la balaa.

Mdudu anayeaminiwa na Mwalimu kuliko daktari wake alibuniwa na Frank Sawyer, mtunza mto Avon kule Wiltshire, aliyefariki mwaka 1980. Sawyer hakuwa na mapenzi na greilingi. Mto ule ulitakiwa uwe wa trauti, greilingi akawa mdoezi wa kupunguzwa, na mdudu wake akaja kujulikana kwa jina la uuaji, Killer Bug. Hana mbawa wala macho. Ni waya mwembamba wa shaba na uzi wa sufu, basi. Lakini si uzi wowote: ni Chadwick's namba 477, uzi uliotengenezwa kwa ajili ya kutililia soksi. Ukiwa mkavu ni kijivu kisichomvutia mtu. Ukilowa unatoa wekundu kwa mbali, kama kamba mbichi wa baharini, na greilingi hana la kujizuia. Kiwanda kiliacha kuutengeneza miaka ya 1960, na tangu hapo watu wazima na akili zao wanapekua vikapu vya marehemu bibi zao kutafuta kadi moja iliyozungushiwa uzi huo.

Mwalimu alirithi kadi yake kwa baba yake. Macho yalipoanza kumkatalia, alikuja nayo mlangoni kwangu ndani ya bahasha. Niliwahi kujitapa kwake kwamba ujana wangu wote nimeshona kofia za viua. "Nifungie kumi na mbili," akasema. "Kinachobaki unirudishie." Niliitia mfukoni mwa koti kwa heshima zote.

Kesho yake narudi kazini saa tatu ya usiku, nakuta soksi zangu za sufu zimepangwa juu ya kitanda. Visigino vilivyokuwa wazi vimezibwa, kazi safi kabisa, mpaka nikacheka kwa furaha. Nikamfuata mama mkwe jikoni.

"Shikamoo mama. Ahsante kwa soksi."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda kusimama kwenye maji ya barafu na visigino nje? Watu watasema hukuoa."

"Na uzi huu mzuri, mama, umeupata wapi?"

"Si ule uliokuwa kwenye koti lako! Uzi wa zamani ule, haukatiki. Nimeumaliza."

Jozi mbili za soksi, kiwiko cha sweta la binti yangu, na kidole gumba cha glavu. Iliyobaki ni kadi, imeandikwa 477, nyeupe pee kama mfupa.

Mwanamume wa pwani anaelewa hali yangu. Mkwe haambiwi neno, sembuse mkwe aliyekulelea mzazi. Nikasema, "Mungu akuzidishie, mama," nikaenda chumbani kukaa gizani.

Jumatatu nilinunua sokoni uzi wa kijivu wa pauni mbili, nikafunga wadudu kumi na mbili, nikampa Mwalimu. Aliwashika kiganjani, machozi yakamlenga. Nami yakanilenga, kwa sababu zangu. Tukaenda mtoni Jumamosi mbili. Mimi nilitumia mdudu wa waridi wa dukani, mwenye kichwa kizito cha madini, nikapata watatu. Mwalimu, mwenye urithi wa baba yake, hakuguswa hata kidogo. Jioni ya pili akiwa anakunja mshipi alisema kwa sauti ya msiba, "Samaki wa siku hizi wamesoma."

Sikulala vizuri wiki ile.

Ikafika Jumamosi ya mwisho ya Februari. Asubuhi hiyo mama mkwe alipika mahamri na maharage ya nazi, nikala kama ninayeaga. Nilivaa soksi alizozitililia. Ningezikataa ingekuwa matusi. Tulipofika karibu na Corwen nyasi zilikuwa zinalia chini ya viatu kwa baridi. Tukaingia kwenye zile suruali za mpira zinazoanzia kwenye soksi zake zenyewe na kukomea kifuani, juu yake viatu vya kukanyagia mawe, na kiunoni mkanda. Mkanda una kazi yake: ukianguka, unazuia maji yasishuke miguuni.

"Umekaza mkanda?" Mwalimu aliuliza.

"Nimekaza."

Nilikuwa nimeulegeza matundu matatu. Maharage yalikuwa yanadai nafasi.

Uvuvi wenyewe siku ile sina malalamiko nao. Barafu ilikuwa inaganda kwenye vipete vya ufito mpaka mshipi unakataa kupita, nawe unauchovya ufito mtoni kuiyeyusha, unarusha mara tano, unachovya tena. Hawarushi mbali. Unasimama majini mpaka mapajani, unamtupa mdudu mzito juu ya mkondo, unamwacha aviringike chini karibu nawe, huku ukiunyoosha mkono na kuusikiliza mshipi. Nilimwambia Mwalimu kwamba hili kwetu ni mshipi na chubwi, hata mtoto wa chuoni analijua. Nikaanza kumfundisha. Ndiyo, mimi nikimfundisha yeye, mto wao, majira yao.

Nilikuwa katikati ya fundisho mshipi ulipokatisha safari. Nikainua ufito, na upande wa pili kitu kikatweka tanga.

"Usirudi nyuma!" Mwalimu alipiga kelele.

Nilirudi nyuma. Mguu wa kushoto ulikanyaga jiwe lenye utelezi, wa kulia ukatafuta jiwe jingine usilipate, na mimi nikakaa. Nilikaa mtoni kama mtu anayekaa barazani, nikatazama mbele kwa utulivu, kisha maji yakafika kifuani, yakaona mkanda umelegea, yakaingia.

Nimezaliwa kisiwani. Naogelea kabla sijajua kusoma. Lakini maji niliyoyazoea mimi yanakukaribisha, na haya yalinipokonya pumzi kabla hata sijapiga yowe. Nikasikia, "Lala chali! Miguu mbele!" nikalala chali, miguu mbele, nikaanza kusafiri kuelekea Llangollen kama maiti asiye na wazikaji. Ufito sikuuachia. Samaki, kwa busara zake, alikwisha jing'oa.

Nilikwama kwenye mchanga wa kona inayofuata, hatua kama thelathini. Kusimama siwezi, kila mguu umekuwa pipa. Mwalimu akafika anahema, akaniambia nilale nyasini niinue miguu juu ili maji yatoke. Ushauri mzuri, ila hakunitajia njia yatakayopitia. Maji yote yaliyokuwa miguuni yalishuka mapajani, tumboni, mgongoni, yakanitokea shingoni, yakiwa yangali baridi ileile, hayakujifunza kitu kwangu. Ng'ambo ya ua wa mawe, kondoo wenye mimba walisimama mstari mmoja, wanatafuna, wanaangalia.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Mimi niliyaoga kwanza, nguo nikavua baadaye, nyuma ya gari la Mwalimu. Vidole havina habari na vifungo, yeye ananisaidia kama anayemvua mtoto wa chekechea. Suruali ya mpira, sweta, shati, fulana. Akanifunga blanketi la mbwa wake, ambalo, niseme ukweli, lilikuwa na harufu kuzidi zaatari yoyote. Nikakaa kiti cha mbele, feni ya joto inanipulizia usoni. Mwalimu akapiga goti kunivua soksi.

Ya kushoto ikatoka. Akaikamua. Akataka kuitupa pembeni, mkono ukasimama hewani.

Aliisogeza kwenye mwanga. Akakigeuza kisigino, akakigeuza tena, akavaa miwani. Nimewaona wazee wa Wete wakiutafuta mwezi wa Ramadhani. Walikuwa na haraka kuliko yeye. Kiraka cha mama mkwe, kilicholowa sawasawa, kilikuwa kinang'aa wekundu kwa mbali. Kama kamba mbichi.

"Hii nini?"

Meno yangu yalikuwa yanagongana, lakini nadhani hata kwenye jua la Pemba yangegongana. "Mama mkwe," nikasema.

"Ametililia soksi."

"Ndiyo."

"Kwa 477."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na wale kumi na mbili?"

"Sokoni. Pauni mbili."

Alitazama mto. Alitazama kondoo. Nilimsubiri anishushe kwenye gari na blanketi lake abaki nalo. Badala yake alipitisha ukucha juu ya kile kisigino, kwa taratibu, akasema, "Hakina hata kifundo kimoja. Huyu mama ni fundi." Kisha akatoa kikasi mfukoni.

Alifumua soksi yangu palepale, amepiga goti kwenye barafu. Alikuwa na ndoana, alikuwa na waya wa shaba. Macho hana, kwa hiyo mimi nikatoa mkono kwenye blanketi nikashika ndoana, yeye akazungusha uzi. Mkono wangu unatetemeka, wake unatetemeka, kila mmoja kwa umri wake na msiba wake, mpaka akapatikana mdudu mmoja mnene, mpinda mgongo, ambaye Sawyer angemkana.

Nilimwona kupitia kioo akiingia majini na mkanda wake umekazwa. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili hakuna. Ya tatu ufito ukapinda mpaka mpini, na juu ya maji likainuka tanga, zambarau na jekundu, nami nikapiga honi bila kujua. Alimlaza samaki kando ya alama za ufito wake, ndani ya maji, akanyoosha vidole vinne, kisha viwili. Sentimita 42. Akamshika akiutazama mkondo mpaka alipopata nguvu, akamwachia.

Soksi ya kulia aliniruhusu nirudi nayo nyumbani, kwa masharti.

Nilipoingia mlangoni na blanketi la mbwa, mama mkwe hakuuliza habari ya nguo. Alinitazama miguu.

"Mwanangu, soksi ya pili iko wapi?"

"Mama, imeliwa na samaki."

"Samaki yuko wapi?"

"Tumemrudisha."

Akamgeukia binti yake, aliyekuwa ananyonyesha. "Mwanangu," akamuuliza kwa sauti ya chini, lakini nilisikia, "mshahara wa huyu unakaa mkononi mwako au mwake?"