Bahari Haipo, Njooni Alasiri

Mtu aliyezaliwa Kikwajuni, hapa mjini Unguja, akakulia Kikwajuni, akishuka barazani kwa mguu haipiti robo saa kashafika pwani, mtu huyo anakwendaje likizo ya pwani? Swali hilo nilimuuliza mke wangu kwa nia safi kabisa. Hakunijibu. Alinigeuzia simu tu. Ndani yake namwona shoga yake mmoja kalala kwenye bembea ya kamba, nyuma yake maji ya kijani kama sharubati, na chini kaandika: "Nimepumzika." Yule shoga hana kazi! Kapumzika kutokana na nini, Mungu ndiye ajuaye.

"Baba Asya, na sisi twende."

"Twende wapi? Forodhani si tunakwenda? Unakunywa urojo wako, watoto wanatazama vijana wakijitosa. Ile si bahari?"

"Ile ya kila siku."

Basi nikaanza kutafuta hiyo bahari isiyo ya kila siku, ila kwa pesa ya kila siku. Nikapiga simu hoteli moja ya shamba, Jambiani, upande wa mashariki. Kijana akanitajia bei kwa dola. Nikamwambia, mwanangu, mie wa hapa hapa, nitajie ya shilingi. Akasema ipo bei ya wenyeji. Nikafurahi, nikakaa vizuri kwenye kiti. Alipoitaja nikasimama tena. Kwa pesa ile naezeka banda zima la uani na rangi juu yake. "Hiyo kwa mtu mmoja," akamalizia, kwa adabu kabisa.

Barazani hakukosi mtaalamu. Nikaambiwa ningoje masika, Aprili na Mei, hoteli hushusha bei na nyengine hufunga kabisa. Nikaona hiyo ndiyo akili. Nikaipeleka nyumbani.

"Masika?" mke wangu akasema. "Yaani nikayafuate maji Jambiani na huku yananifuata chumbani?"

Julai na Agosti ndiyo usiseme, wageni wamejaa, bei ziko juu na upepo wa kusi unavuma mpaka mchanga unakuingia masikioni. Nikamtajia kisiwa cha Changuu, hapo mbele ya mji, mashua unaiona inaondoka. Nikamsifia wale kobe wake wakubwa. Wa mwanzo walikuja wanne kutoka Shelisheli, 1919, zawadi. Hawajaondoka. Wanakula bure, wanalala bure, na watu wanalipa kuja kuwatazama. Mimi kama kuna likizo nafuu duniani basi ni ile ya kobe.

"Unanipeleka jela?"

Nikamweleza kwamba jela ile ya kisiwani ilijengwa 1893 lakini haikufungwa mtu, ikaja ikafanywa karantini.

"Basi unataka niwe wa kwanza."

Mwisho tukakubaliana: siku ya pili ya sikukuu ya Idi el-Fitri, Jambiani, asubuhi kwenda na jioni kurudi, kwa daladala, chakula kutoka nyumbani. Bei ya kulala sifuri. Nikajipongeza. Hata pesa za viwanja vya sikukuu, Mnazi Mmoja na pembea za Kariakoo, nitakuwa nimeziokoa, maana watoto hawawezi kuwa pahala pawili.

Nilichokuwa sijakihesabu ni mama mkwe. Asubuhi nimevaa kanzu nyeupe ya sikukuu, nafungua mlango, namkuta kashakaa kwenye ngazi. Mkononi ana kitu kirefu kimezongwa kanga.

"Shikamoo mama. Na hicho?"

"Marahaba mwanangu. Fimbo yangu ya kukongojea."

Mama mkwe hajapata kukongojea tangu nimjue. Kwao Makunduchi, anatembea kama anadaiwa. Lakini mkwe haulizwi mara mbili.

Gari 309, daladala ya Jambiani, ilikuwa imejaa hata kabla hatujaiona. Wageni wa kutoka nje, tangu Oktoba 2024, hukatiwa bima ya dola 44 wakija Zanzibar. Nilipoona mimi nimebakishiwa nusu ya tako, hotipoti la pilau liko mapajani, chupa ya chai inanichoma mbavuni na mtoto wa mtu asiyenijua analala begani kwangu, nikatamani na mie niwe mgeni. Utingo anasema "sogeeni, bado wawili tu" tangu Tunguu mpaka msitu wa Jozani, na kila anaposema wanaingia wanne. Kima punju wako juu ya miti wanatutazama. Wao angalau walikuwa na nafasi.

Tukafika saa nne na nusu. Watoto wakavua viatu, wakapiga mbio kati ya minazi, wakasimama.

"Baba, bahari iko wapi?"

Nikatazama. Bahari haipo. Upo mchanga, majani, vidimbwi, ngalawa tatu zimelala ubavu kama mbuzi wa mchana, na mbali huko, mwambani, kijistari cheupe cha mawimbi. Jambiani ni bapa kama sinia. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko siku zote, yana mita nne hivi kati ya kujaa na kupwa, na yakiamua kuondoka yanaondoka na kila kitu chao.

Na hapo ndipo lilipo la kunitia aibu. Marehemu babu yangu alikuwa mvuvi. Mtoto mdogo wa pwani anajua kuwa mwezi ukiandama ni bamvua, na bamvua hupwa saa nne, saa tano asubuhi, likajaa saa kumi. Na sikukuu ni nini kama si mwezi kuandama? Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, ndiye niliyepiga kelele mtaa mzima, "Umeonekana! Umeonekana!" Kumbe natangaza kukauka kwa likizo yangu.

Mke wangu hakusema kitu. Alitandika mkeka, akatoa maandazi, akawa anatafuna polepole huku ananitazama. Afadhali angesema.

Nikatoka kwenda kuifuata bahari kwa miguu. Nikawakuta kina mama wako ndani ya maji ya goti, wanafunga mwani kwenye kamba kwa vijikamba vya taitai, migongo imepinda, kama wanavyofanya huku tangu 1989. Mmoja akaitazama kanzu yangu iliyolowa mpaka magotini.

"Kaka, umepotea?"

"Nimekuja likizo."

Wakacheka mpaka mmoja akaangusha kamba yake. "Bahari haipo," akasema, "njooni alasiri."

Niliporudi nikakaa kwenye kiti kimoja cha mbao chini ya mwavuli wa makuti. Mlinzi akaja. Akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia naitafuta bahari. Akasema mchanga ni wa watu wote ila kiti ni cha hoteli, na soda akanitajia bei ambayo Kikwajuni unanunua kreti.

Saa nane maji yakaanza kurudi, kijani kile kile cha kwenye simu, mazuri mno. Watoto wakayakimbilia, yakawafika magotini, na honi ikalia. Gari ya mwisho.

"Mama yuko wapi?" mke wangu akauliza.

Alikuwa anatoka mwambani, mbio mbio, sketi kaikunja kiunoni, ile "fimbo" haina kanga tena. Ni mkonjo wa kuchomea pweza. Chuma kabisa, umenolewa, na kwenye kanga mna pweza watatu. Tangu Ijumaa alijua maji yatakauka saa ngapi. Hakuniambia!

Akapanda, akajibanza karibu yangu, akatazama kanga yake, akatazama kanzu yangu.

"Mwanangu, nishikie huyu mkubwa, kanga mpya hii."

Nikamshika. Mkono mmoja wa yule pweza, bado una uhai, ukakamata kifungo cha kanzu na haukukiachia mpaka Tunguu.