Kabla ya kulipa ada ya mafunzo ya uelimishaji wa uzazi

Wauguzi, wakunga na akina mama wanaotaka kuwa waelimishaji wa uzazi, yaani watu wanaowafundisha wajawazito kujiandaa kwa uchungu na kujifungua, huniuliza wasome wapi, na karibu wote huanza na ada, kisha muda wa masomo, kisha kama cheti kinatambulika nje ya nchi. Kwa maoni yangu kuna maswali mawili yanayopaswa kutangulia hayo yote: chuo kinakufundisha umwambie nini mama ambaye uchungu wake haukwenda kama alivyotarajia, na ni nani atakayekaa darasani kukuangalia ukifundisha. Chuo kisichokuwa na majibu ya maswali hayo sikipendekezi kwa mtu yeyote, hata kama jina lake linajulikana dunia nzima.

Mafunzo mengi yanayopatikana kwa njia ya mtandao yana asili yake Marekani na Uingereza, na ni vema kujua yalikotoka. Daktari Mfaransa Fernand Lamaze alizuru Umoja wa Kisovieti mwaka 1951, akaona wajawazito wakiandaliwa kwa elimu, kwa kulegeza mwili na kwa mazoezi ya kupumua, akarudi na njia hiyo Paris. Marjorie Karmel, Mmarekani aliyejifungua chini ya uangalizi wake, alishirikiana na Elisabeth Bing kuanzisha mwaka 1960 chama ambacho leo kinaitwa Lamaze International. Mwaka huohuo kilianzishwa chama kingine cha waelimishaji, ICEA. Uingereza walikuwa wametangulia: chama chao cha NCT kilianza mwaka 1956, kikifuata mawazo ya daktari Grantly Dick-Read kwamba hofu hukaza mwili na kuzidisha maumivu. Baadaye Robert Bradley, daktari wa Marekani, alimpa mume nafasi kubwa kando ya mkewe, na Mmarekani mwenzake Marie Mongan akajenga mafunzo yake juu ya kujituliza kwa akili.

Wote hao walikuwa wakipambana na hali iliyokuwa mbele yao. Wanawake wengi wa Marekani wa kizazi hicho walipewa dawa zilizowafanya wasikumbuke hata walivyojifungua, waume wao wakiachwa nje, na ndiyo maana mafunzo hayo yanasisitiza sana kupunguza mkono wa hospitali. Msisitizo huo una haki yake, kwa kuwa hata kwetu wapo akina mama wanaofanyiwa mambo bila kuelezwa wala kuombwa ridhaa. Lakini mama wa Tanzania amekuwa akikabiliwa pia na hatari ya upande wa pili: kuchelewa kufika kituoni, kukosa damu ya kuongezewa, kukosa gari la kumpeleka palipo na chumba cha upasuaji. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba vifo vya uzazi vilikuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa mwaka 2015-16, na kwamba asilimia 81 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Mwelimishaji anayemfanya mama aiogope hospitali, au aone upasuaji kuwa ni kushindwa kwake, amemdhuru mama huyo. Kwa hiyo omba mtaala kabla ya kulipa, na utafute ndani yake dalili za hatari: kichwa kinachouma bila kupoa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, damu, chupa kupasuka kabla ya wakati na mtoto kupunguza kucheza. Kama kuna kurasa nyingi za kupumua na aya moja tu ya dalili hizo, endelea kutafuta kwingine.

Kuhusu kuangaliwa ukifundisha, nimewahi kukaa nyuma ya darasa mwanafunzi alipokuwa akieleza mtoto anavyoshuka. Alishika nyonga ya plastiki mkono mmoja na mwanasesere mkono wa pili, akamzungusha kichwa taratibu, na alieleza vizuri sana. Mkufunzi wake akamwuliza swali moja: mama huyu amewekewa dripu mkononi na leba ina vitanda vilivyobanana, umemwambia afanye nini? Yule mwanafunzi alinyamaza kidogo, kisha akaanza upya, safari hii akionyesha namna ya kulala kwa ubavu, kusimama kando ya kitanda na kuegemea ukingo wake. Mafunzo ya video na maswali ya kuchagua jibu hayawezi kumfikisha mtu hapo, kwa sababu hakuna anayemsimamisha na kumwuliza.

Angalia pia ni nani anayedhaniwa kuwa atakuwa na mama. Mafunzo mengi yameandikwa kwa ajili ya mke na mume, ilhali kwetu anayembeba mama hadi hospitali mara nyingi ni mama yake, dada yake au mama mkwe, na huyo ndiye mwenye sauti kubwa nyumbani kuhusu maziwa ya kwanza na kitovu. (Pwani kazi hii ya kumfunda mwanamke ilikuwa na mwenyewe tangu zamani: somo, yaani mwanamke mzima anayemfundisha binti mambo ya unyumba.) Mfuko wa kujifungulia nao ni mada kamili: khanga, glovu, pamba, beseni, mpira wa kutandika kitandani na nauli ya dharura.

Jambo la kuhakiki haraka ni kama maandishi ya chuo yanakwenda na wakati. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio ya kliniki yasiyopungua 8. Mwongozo wake wa mwaka 2018 unasema uchungu wenye nguvu huanza njia (mlango wa kizazi) inapofunguka kufikia sentimita 5, kwamba si kila mama atafunguka sentimita moja kila saa, na kwamba kila mama apate msindikizaji anayemtaka. Chuo kinachoendelea kufundisha mahudhurio manne na sentimita moja kwa saa kama sheria kimebaki nyuma.

Cheti utakachopata hakikupi ruhusa ya kumpima mama njia wala kumzalisha. Hiyo ni kazi ya aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, na chuo cha kuaminika kitakueleza mpaka huo mwanzoni. Uliza pia kuhusu kuhuisha cheti, kwani cha Lamaze, kwa mfano, huhuishwa kila baada ya miaka mitatu, na gharama hiyo iingie katika hesabu ya ada. Baada ya hapo omba kuzungumza na wahitimu wawili wanaofundisha katika nchi yako, uwaulize ni nani aliyekuwa akiwaangalia, na walimwambia nini mama wa kwanza aliyetoka darasani kwao akaishia kwenye upasuaji.